Barua ya Wazi: Rudisheni Tamko la Tanzania kwa Mahakama ya Afrika

Kwa:
Waheshimiwa Viongozi mliokabidhiwa dhamana ya sheria, katiba na mambo ya nje,
Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUREJESHA TAMKO LA IBARA YA 34(6) YA ITIFAKI YA MAHAKAMA YA AFRIKA YA HAKI ZA BINADAMU NA WATU

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia barua hii hadharani baada ya njia ya faragha kushindikana. Mimi na wenzangu tuliandika barua za kawaida, tukazipeleka masjala kwa mkono, tukagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala zetu, na baada ya mhuri huo hatukupata jibu la kukubali wala la kukataa. Ofisi iliyozipokea siitaji, kwa kuwa sina nia ya kumwaibisha mtumishi yeyote. Nawalenga ninyi mnaoweza kuamua, pamoja na wananchi ambao uamuzi ninaoulalamikia unawahusu na ambao wengi wao hawajui kwamba ulikwishafanyika.

Uamuzi wenyewe ni huu. Tarehe 21 Novemba 2019 Serikali iliwasilisha kwa Umoja wa Afrika taarifa ya kuliondoa tamko ambalo nchi yetu ililitoa mwaka 2010 chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tamko lililomruhusu mtu binafsi, au asasi isiyo ya kiserikali yenye hadhi ya mtazamaji mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuishtaki Serikali moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo. Taarifa ya kujitoa ilianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 2020. Tangu siku hiyo Mtanzania hana ruhusa ya kufungua mwenyewe shauri jipya katika Mahakama ambayo makao yake yako Arusha, Barabara ya Dodoma, ndani ya eneo la TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, mahali ambapo abiria wa daladala za Kisongo hupita asubuhi na jioni.

Naandika nikiwa wakili wa kujitegemea hapa hapa Arusha. Kazi niliianza wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ikiendesha mashauri yake katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, nikiwa msaidizi katika timu ya utetezi, na tangu hapo sijatoka katika fani ya haki za binadamu. Nimeitaja historia hiyo kwa sababu hoja yangu kubwa imetokana na niliyoyaona pande zote mbili, upande wa haki ya kimataifa inayogharamiwa na dunia na upande wa haki ya kawaida inayomsubiri mtu maskini katika mahakama ya wilaya. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nchi mwenyeji wa Mahakama imewafungia watu wake.

Itifaki ilipitishwa Ouagadougou tarehe 10 Juni 1998 na kuanza kutumika tarehe 25 Januari 2004. Tanzania iliiridhia mwaka 2006, na tarehe 31 Agosti 2007 ikatia saini mkataba wa kuwa mwenyeji wa Mahakama. Kati ya nchi zaidi ya thelathini zilizoridhia, ni chache tu zilizothubutu kutoa tamko la Ibara ya 34(6), na sisi tulikuwa miongoni mwa za mwanzo. Watanzania wawili wamekuwa Marais wa Mahakama hiyo: Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu, kuanzia 2014 hadi 2016, na Jaji Imani Aboud kuanzia 2021 hadi 2025. Mtaona kwamba Jaji Aboud alichaguliwa kuiongoza Mahakama miezi michache tu baada ya raia wenzake kunyimwa ruhusa ya kufungua shauri katika Mahakama hiyo. Tumekuwa kama mwenye nyumba anayewakaribisha wageni sebuleni huku wanawe amewafungia uani.

Thamani ya tamko lenyewe ilijulikana mapema. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama, ya tarehe 15 Desemba 2009, ilihusu ombi dhidi ya Senegal, na lilitupwa bila hoja zake kusikilizwa kwa sababu Senegal haikuwa imetoa tamko. Miezi michache baadaye Tanzania ikatoa la kwake. Tulilitoa, basi, tukijua fika maana yake.

2. Waliofungiwa zaidi ni wafungwa wasiokuwa na wakili.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye uzito.

Sehemu kubwa ya mashauri yaliyopelekwa Mahakama ya Afrika katika miaka ya tamko ilitoka Tanzania, na kwa wingi wake yalikuwa mashauri ya wafungwa, si ya wanasiasa wala ya wanaharakati wenye kamera. Waliandika kutoka magereza ya Butimba, Karanga, Uyui na Ukonga. Maombi hayo nimeyashika mkononi: karatasi za daftari zilizoandikwa pande zote mbili ili zisiishe, mwandiko wa mfungwa mwenzake anayejua kusoma, dole gumba pale panapotakiwa saini, na mhuri wa Mkuu wa Gereza juu ya kona. Aghalabu kosa lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu miaka 30. Na karibu kila karatasi ilikuwa na sentensi moja iliyojirudia kwa maneno tofauti: sikuwa na wakili.

Hawakusema uongo. Kwa utaratibu uliokuwapo, anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu alipewa wakili kwa gharama ya Serikali, lakini anayeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika mahakama ya wilaya alisimama peke yake mbele ya mwendesha mashtaka aliyesomea kazi hiyo, akaulizwa kama ana swali kwa shahidi, akasema hana, na miezi michache baadaye akahukumiwa kukaa gerezani muda unaotosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Tarehe 20 Novemba 2015, katika shauri la mfungwa wa Karanga, Moshi, ambaye mahakama ya chini iliendelea na kesi yake wakati yeye yuko hospitalini, Mahakama ya Afrika ilisema kwamba mtu asiye na uwezo, akishtakiwa kwa kosa zito lenye adhabu kali, anastahili wakili bila malipo hata kama hakumwomba. Hukumu hiyo ilifuatwa na nyingine nyingi za namna hiyo hiyo. Mwaka 2017 Bunge letu likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Siwezi kusema ilitungwa kwa sababu ya hukumu ya Arusha peke yake, kwani wenzetu wa ndani waliipigania miaka mingi. Ninachoweza kusema ni kwamba hata chini ya sheria hiyo msaada katika kesi ya jinai unategemea hakimu aone kwamba mshtakiwa anauhitaji, na hakimu mwenye mafaili mezani hadi kifuani haoni hivyo kila siku.

Sasa liwekeni jambo hilo kando ya lile nililoanzia kazi. Mahakama hiyo ya kimataifa ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ikawashtaki watu 93, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoa pale AICC hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Washtakiwa wake, wakiwamo mawaziri, makanali na waziri mkuu wa zamani, waliwekwa katika kituo cha Umoja wa Mataifa kilichojengwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo. Kila asiyekuwa na uwezo alilipiwa wakili na Umoja wa Mataifa, na wakili huyo alikuwa na wasaidizi na wapelelezi wake. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, na mimi nililipwa mshahara kutoka katika utaratibu huo. Lakini ng'ambo ya ukuta, katika eneo lilelile la Kisongo, alikaa kijana wa mitaa yetu ya Arusha, wa Ngarenaro au wa Unga Limited, aliyehukumiwa miaka 30 bila kuzungumza na wakili hata kwa dakika tano. Kwa miaka kumi ya tamko letu, kijana huyo naye alikuwa na mahali pa kimataifa pa kupeleka karatasi yake ya daftari. Sasa hana tena.

Na tazameni ubaya wa tarehe. Mahakama iliamua, mwezi Juni 2020, kwamba kujitoa kwetu hakugusi mashauri yaliyofunguliwa kabla ya tarehe 22 Novemba 2020. Kwa sababu hiyo imeendelea miaka yote hii kutoa hukumu za Watanzania waliowahi. Matokeo yake ni kwamba wafungwa wawili wanaweza kulala mkeka mmoja, wa kosa moja, waliokosa wakili kwa namna moja, mmoja akapata hukumu kwa kuwa bahasha yake ilipokelewa Oktoba na mwingine akakosa hata namba ya shauri kwa kuwa yake ilipokelewa Desemba. Sijui ni wakili gani wa Serikali anayeweza kusimama mbele ya hawa wawili akawaeleza tofauti yao.

3. Hukumu zilizokwishatolewa hazijatekelezwa, na kujitoa kumefanya zisahaulike.

Mchungaji Christopher Mtikila alishinda hoja ya mgombea binafsi Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba ili kuizuia, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, liachiwe Bunge. Yeye, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaenda Mahakama ya Afrika, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba kumlazimisha raia ajiunge na chama ndipo agombee kunakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Serikali iliagizwa kuieleza Mahakama hatua ilizochukua. Mchungaji alifariki Oktoba 2015, na hadi leo ninapoandika hakuna mgombea binafsi Tanzania.

Machi 2018 Mahakama iliamua juu ya mtu aliyenyang'anywa hati ya kusafiria, akaambiwa si raia, akavushwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki kuishi katika kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote pale mpakani Sirari. Iliagizwa arejeshwe nchini na sheria irekebishwe ili mtu anayevuliwa uraia apate mahakama ya kumsikiliza. Tarehe 28 Novemba 2019, juma moja tu baada ya taarifa yetu ya kujitoa kupokelewa, ikaamua kwamba kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji bila kutazama mazingira yake, kinakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunakiuka utu. Ikatoa mwaka mmoja sharti hilo liondolewe. Na tarehe 15 Julai 2020, katika shauri la wakili Jebra Kambole, ikaamua kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama kuchunguza matokeo ya uchaguzi wa Rais, inakiuka haki ya raia kusikilizwa, ikaagiza ibara hiyo irekebishwe.

Hukumu hizi zote bado zinaibana nchi kwa sheria. Kuondoa tamko hakufuti hukumu, wala Itifaki hatujajitoa. Lakini kwa vitendo kila ninapolitaja suala la utekelezaji mbele ya maofisa, jibu ni kana kwamba kesi hizo zilikuwa za nchi nyingine: "Si tulishajitoa kule?"

4. Mlango wa nje ulifungwa wakati uleule mlango wa ndani ulipobanwa.

Mwezi Juni 2020, kati ya taarifa ya kujitoa na siku ilipoanza kufanya kazi, Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua shauri la kikatiba athibitishe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Maana yake ilikuwa kwamba asasi au wakili aliyetaka kutetea wafungwa wasiojua kusoma angeulizwa kwanza: wewe umefungwa lini? Mabadiliko haya mawili kila moja lingeweza kutetewa kwa upande wake. Yakiwekwa pamoja ndani ya miezi kumi na miwili, mwananchi ana haki ya kuuliza ni wapi hasa mnataka aende.

5. Fani ya haki za binadamu inanyauka katika mji ilimokulia.

Hili ni dogo kuliko mengine, na nalitaja kwa sababu vijana wananiuliza. Arusha ina Mahakama ya Afrika, Mahakama ya Afrika Mashariki, Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliowawakilisha wafungwa wengi wa Kitanzania bila malipo, na majengo ya Lakilaki yaliyojengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya kumalizia kazi za Mahakama ya Rwanda. Ni miji michache sana Afrika ambako mwanafunzi wa sheria anaweza kujifunza kazi hii bila viza wala tiketi ya ndege. Lakini mwanafunzi huyo akiniuliza leo aanzie wapi, inanibidi nimwambie ajifunze vizuri Kifaransa ili awatetee watu wa Burkina Faso na Mali, kwa sababu wa kwao hawezi kuwafungulia shauri. (Mzaha huo huwachekesha kwa muda mfupi sana.)

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, kwa kuwa mengi nimekwisha kuyasikia katika semina na katika korido.

Itasemwa kwamba tamko letu lilikuwa na masharti, yaani raia amalize kwanza njia zote za ndani na Katiba yetu iheshimiwe, na kwamba Mahakama haikuyafuata. Hii ndiyo sababu rasmi iliyotolewa mwaka 2019, kwa hiyo inastahili jibu la kina. Mahakama huchunguza katika kila shauri kama njia za ndani zimemalizwa, na imekwisha kuyatupa mashauri ya Watanzania wenzangu kwa sababu hiyo hiyo. Ugomvi wa kweli ni mwembamba kuliko unavyotangazwa: Serikali inataka mtu aliyekwisha kushindwa Mahakama ya Rufani aombe pia mapitio katika Mahakama hiyo hiyo, au afungue shauri la kikatiba Mahakama Kuu, kabla ya kuvuka; Mahakama ya Afrika nayo inasema hizo ni njia za ziada ambazo mtu halazimiki kuzipitia. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika hoja hiyo. Mimi naona aliyefika Mahakama ya Rufani, ya juu kuliko zote nchini, amefika mwisho. Lakini hata anayeona vinginevyo hawezi kudai kwamba tofauti ya mawakili juu ya ombi la mapitio inatosha kuwanyima mamilioni ya watu mahakama.

Itasemwa kwamba Mahakama imejigeuza kuwa mahakama ya rufani juu ya Mahakama yetu ya Rufani. Isomeni. Imerudia katika hukumu moja baada ya nyingine kwamba si ya rufani, na maombi ya kuachiwa huru imeyakataa mara nyingi sana, ikisema hilo hufanyika kwa sababu za kipekee tu. Waliokosa wakili wengi wao waliambulia fidia ya shilingi 300,000. Kiasi hicho hakilipi ada ya wakili kwa siku moja ya kesi ya jinai. Mahakama inayotuogofya hivyo ndiyo hii? Zaidi ya hapo, Ibara ya 22 ya Itifaki inamzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake, kwa hiyo hata hofu ya Mtanzania mwenzetu kutumika dhidi yetu haina msingi.

Itasemwa kwamba hatuko peke yetu. Ni kweli: Rwanda ilitangulia mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020, na Tunisia mwaka 2025, na majirani zetu Kenya, Uganda na Burundi waliridhia Itifaki lakini hawakutoa tamko kamwe. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliye mwenyeji wa Mahakama.

Itasemwa kwamba raia bado anaweza kulalamika katika Tume ya Afrika iliyopo Banjul, Gambia, nayo ikipenda italipeleka shauri Arusha. Njia hiyo ipo, na watu wa jamii ya Ogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya waliipita. Malalamiko yao yalifika kwenye Tume mwaka 2009, yakapelekwa Mahakamani 2012, hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017, na fidia, shilingi za Kenya 157,850,000, ikaamuliwa tarehe 23 Juni 2022. Walishinda, na ushindi wao ni mkubwa kwa watu wa asili wa bara zima. Lakini walikuwa jamii nzima yenye asasi nyuma yake na subira ya miaka kumi na mitatu. Mfungwa wa Uyui hana hata bei ya stempu ya kufika Gambia.

Na kuhusu Mahakama ya Afrika Mashariki, wanaoitaja wanasahau kwamba muda wake wa kufungua shauri ni miezi miwili tangu jambo litokee, na kwamba nchi wanachama zenyewe hazijaipa mamlaka kamili ya haki za binadamu yanayotajwa na Mkataba wa Jumuiya.

Lipo pia lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba haki hizi ni za wageni. Mkataba wa Afrika ulipitishwa Nairobi mwezi Juni 1981 na wakuu wa nchi za Afrika wenyewe. Tanzania iliuridhia Februari 1984, wakati Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu, na ni katika mwaka huo huo Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Tamko la Ibara ya 34(6) litolewe upya na kuwasilishwa kwa Umoja wa Afrika. Kama Serikali inaona lazima iweke maelezo kuhusu kumaliza njia za ndani, iyaandike kwa lugha ya wazi inayosema ni njia zipi, badala ya maneno ya jumla yaliyozua ugomvi wa mwanzo.

(b) Ipelekwe Bungeni taarifa ya hadharani inayoorodhesha kila hukumu ya Mahakama ya Afrika dhidi ya Tanzania, iliyotekelezwa na isiyotekelezwa, pamoja na sababu na muda. Kifungu cha 197 kianze, kwa kuwa hakihitaji kubadilisha Katiba; kinahitaji muswada mfupi.

(c) Wakili wa bure katika makosa yote yenye adhabu isiyopungua miaka 30 awe haki inayoanza siku ya kusomewa mashtaka, bila kusubiri hakimu aone uhitaji.

(d) Hukumu zinazohusu wafungwa zitolewe kwa Kiswahili na kupelekwa magerezani. Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu kwa sheria ya mwaka 2021 na ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, kwa hiyo kisingizio cha lugha hakipo. Nimewahi kukutana na mwombaji aliyeshinda shauri lake na ambaye hukumu yake aliishikilia kama kitambulisho, kurasa nyingi za Kiingereza, akinionyesha jina lake kwa kidole kwa kuwa ndilo pekee aliloweza kulisoma.

(e) Barua hii ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Nitakubali jibu la kukataa, mradi litaje sababu ambazo mtu anaweza kuzijibu.

Wakati tukisubiri, mimi na wenzangu tutaendelea kuandaa kwa Kiswahili muhtasari wa hukumu zilizokwishatolewa na kuzigawa bila malipo kwa yeyote atakayezihitaji, wakiwamo maofisa wa ofisi zenu, ambao baadhi yao wamekwisha kutuomba nakala kwa siri.

Natanguliza shukrani.

Wenu mtiifu,

Wakili wa kujitegemea,
Arusha.

Nakala:
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
Chama cha Wanasheria Tanganyika
Wahariri wa vyombo vya habari